Marathoni: kukimbia peke yako au na wenzako?

Najiandaa kwa marathoni. Nikimbie peke yangu au na wenzangu?
Mbio fupi za katikati ya juma, kimbia utakavyo. Siku ya masafa marefu, kilomita 25 au 30, usitoke peke yako hapa Mombasa, hasa Januari hadi Machi. Hewa yetu ina unyevu mwingi, jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili.

Mwenzangu atanifaa nini, na miguu ni yangu?
Atakuona. Joto la mwili likipita nyuzi 40 akili huvurugika, na mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Unajiona mzima, kumbe unayumba. Mwenzio akikuuliza jambo ukajibu kombo, atakusimamisha.

Anayeropoka si amechoka tu? Akilala kivulini si atapata nafuu?
Hapana. Narudia: hapana. Niliwahi kumpokea hospitalini kijana aliyeshushwa kwenye tuktuk, kamba za viatu zingali zimefungwa, ngozi inawaka, hajui yuko wapi. Wenzake walimlaza chini ya mwarobaini karibu saa nzima, eti apumzike. Walimpenda, lakini saa hiyo iliziumiza figo zake. Mkimbiaji akivurugikiwa kwenye joto, hiyo ni dharura, si uchovu.

Lakini bado anatoka jasho!
Hata akiwa amelowa chapachapa. Jasho lisiwadanganye.

Tufanye nini basi?
Mpozeni kwanza, palepale, huku mmoja akipiga 999 au 112. Mvueni nguo, mtieni kwenye maji baridi hadi kifuani huku mmemshika kichwa. Hakuna pipa? Mmwagieni ndoo baada ya ndoo, mfunikeni leso zilizochovywa maji ya barafu, mzibadilishe kila zikipata joto, na mpepeeni. Muuza samaki ana barafu, mwombeni. Msimnyweshe kitu akiwa hajielewi, atapaliwa. Panadol haishushi joto hili. Akizinduka, bado apelekwe hospitali.

Kundi langu lina kasi kunishinda.
Tafuta jingine. Siku ya masafa marefu uweze kusema sentensi nzima bila kutweta, ukishindwa, unaburuzwa. Aliyeamka na homa au anayeharisha abaki nyumbani, hata kama kundi litamcheka. Nanyi mnaopanda Daraja la Nyali na makoti ya nailoni ili kukata kitambi, tafadhali, yavueni. Na kumeza diklofenaki kabla ya mbio ili goti lisiume ni kuzitesa figo ambazo tayari zimepungukiwa maji.

Sina wa kukimbia naye.
Basi toka alfajiri, zunguka bustani ya Mama Ngina mizunguko mifupi mbele za watu badala ya kushika njia moja hadi Mtwapa. Beba simu, na karatasi yenye jina lako na namba ya nyumbani. Waambie wa nyumbani njia utakayopita na saa ya kurudi. Ukichelewa dakika 20 wakupigie simu. Usipopokea, watoke kukutafuta.