Una anurizimu ya ubongo na unatakiwa upasuaji? Usiikimbie nusu kaputi

Hili swali tunaulizwa sana kliniki ya usingizi. Mtu kaenda kupiga MRI sababu kichwa kinamsumbua, wamekuta anurizimu, yani mshipa wa damu kwenye ubongo umetuna sehemu moja ila haujapasuka, sasa ana mawe kwenye nyongo anatakiwa apasuliwe na ndugu washamwambia ukipigwa nusu kaputi utapasukia hukohuko. Jamani, hapana. Karibu watu wazima 3 kati ya 100 wanayo, wengi hawajui kabisa, na kupasuka wakati wa upasuaji mwingine ni nadra sana.

Dawa ya usingizi yenyewe haipasui mshipa, propofoli, dawa tunayomlazia mgonjwa, kwanza inashusha presha. Tunachoogopa ni presha kupanda ghafla, hasa pale tunapoingiza mpira wa kupumulia: koo linashtuka, moyo unaenda mbio, presha inaruka ndani ya sekunde chache tu. Ndo maana kwa mgonjwa huyu hatuna haraka, tunampa fentanili, dawa kali ya maumivu, tunasubiri imkolee, ndo mpira unaingia taratibu, na wengine tunawawekea kamrija kwenye ateri ya mkono tuone presha kwenye skrini kila moyo unapopiga. Kuishusha mno nako hatutaki, ubongo utakosa damu. Wakati wa kuamka pia tunakuwa macho, asikohoe sana wala asiamke na maumivu makali.

Wengine wanaomba sindano ya mgongo wakidhani ndo salama zaidi. Si lazima iwe hivyo, maji ya uti wa mgongo yakivuja mgandamizo unaoushikilia mshipa kwa nje unapungua, kwa hiyo hilo tuamue pamoja.

Wewe tuletee picha na ripoti, maana anurizimu ya milimita 4 na ya milimita 12 hatuziangalii sawa. Sigara acha. Dawa za presha usiache kiholela, uliza ipi unywe asubuhi ya upasuaji kwa sababu zipo ambazo tunazisimamisha siku moja kabla. Kama uliwahi kuwekewa klipu (kibanio cha kubana anurizimu) au stenti (kibomba cha wavu ndani ya mshipa) kichwani sema mapema, na aspirini usiikatishe mwenyewe.

Na kichwa kikikupiga ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuupata, shingo inakaza au unatapika, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku.