Jiwe la Mtoni Usilitie Motoni

Wateja wanaoniita kuwajengea mahali pa kuotea moto uani huwa wameshakusanya mawe kabla sijafika. Tena mawe ya kupendeza: laini, ya mviringo, yametoka mtoni. Kazi yangu ya kwanza ni kuyakataa.

Jiwe lililolala majini limenyonya maji kwenye nyufa usizoziona. Moto ukikolea, maji hayo yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi mara 1,600 hivi ya ile ya maji. Ukikosa pa kutokea unalipasua jiwe, na vipande vinawarukia waliokaa. Kuyaanika juani siku chache hakusaidii sana, maana unyevu wa ndani kabisa hautoki haraka hivyo.

Sisi wa Arusha tumebarikiwa Mlima Meru. Mawe meusi ya volkano yenye vitundu yanavumilia joto vizuri, ila nayataka ya shambani, makavu. Pwani ni habari nyingine. Matumbawe yasikaribie moto kabisa: wazee wa huko waliyachoma makusudi ili wapate chokaa, na moto wako utayala vivyo hivyo, pole pole. Kama hulijui jiwe lako, likwangue upate unga kidogo, udondoshee siki. Likitoa povu, lipeleke bustanini.

Ujenzi wenyewe hausumbui. Kaa angalau mita 3 kutoka ukutani, mbali na matawi. Duara la ndani liwe na kipenyo cha sentimita 90 hivi. Likizidi sana linakula kuni bure. Chimba sentimita 30, mwaga kokoto za kuponda au moramu nusu ya shimo, ili maji yapenye. Wapo wanaomwaga zege chini. Mvua ikinyesha, wanapata beseni.

Ukuta naupandisha sentimita 35 tu juu ya ardhi, la sivyo miguu haipati joto. Ndani napanga matofali ya kuchoma kwa udongo wa mfinyanzi na mchanga, kwa sababu saruji ikipigwa na joto kali inapoteza nguvu na kumeguka. Saruji inakwenda kwenye mawe ya nje. Kati ya kuta hizo mbili naacha nafasi ya vidole viwili nijaze moramu kavu, matofali yapate pa kutanukia. Chini naacha matundu manne ya hewa. Bila hayo mtaota moshi.

Saruji ipe siku 28 ikomae. Kuni ziwe kavu, na msichome minyaa mliyoikata kwenye uzio: utomvu wake ni sumu, na moshi wake unaumiza macho.

Masika, funika kwa bati. Mvua zikikatika, anza na moto mdogo, ukae mbali kidogo, mpaka mawe yaache kufuka mvuke. Ndipo uongeze magogo.