Je, wajua? Mgonjwa wa meno "aliyelazwa" kwa dawa ya kutuliza huwa macho, ila hakumbuki

Muulize mtu aliyeng'olewa jino kwa dawa ya kutuliza iliyopitishwa mshipani, naye atakuambia alilala fofofo: alichomwa sindano mkononi, akaona dari inafifia, akazinduka kazi imekwisha. Muulize msaidizi aliyesimama kando ya kiti, atakupa habari nyingine kabisa. Mgonjwa yuleyule alifungua kinywa kila alipoambiwa, akageuza kichwa upande alioelekezwa, akatikisa kichwa alipoulizwa kama anaumia, na pengine aliuliza mara mbili tatu kama jino limeshatoka. Wote wawili wanasema kweli. Inakuwaje mtu ajibu maswali kwa muda wote huo, kisha aape kwamba alikuwa usingizini?

Jibu lake lina faida kubwa kwa anayeogopa kiti cha meno, hasa akiwa katika jiji kubwa lenye kliniki nyingi zinazotangaza huduma hii. Matangazo mengi huahidi usingizi: lala, ukiamka meno yametibiwa. Mwenye hofu husoma hivyo akapumua, kisha akatafuta kliniki inayoahidi usingizi mzito kuliko zote. Kipimo hicho kimekaa kichwa chini miguu juu, na sababu yake iko ndani ya ubongo.

Kwanza, viwango vyenyewe. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, American Society of Anesthesiologists, hutaja ngazi nne. Katika ya kwanza mtu ametulia tu, anaongea kama kawaida. Katika ya pili macho yanaweza kufumba, lakini akiitwa au akiguswa kidogo anaitika kwa kujua anachofanya, na anapumua mwenyewe bila msaada. Katika ya tatu haamshwi kirahisi. Huitika kwa kurudiwarudiwa au kwa kuumizwa, na pumzi yake huenda ikahitaji kusaidiwa. Ya nne ni nusukaputi, ambapo hata maumivu hayamwamshi. Sehemu kubwa ya kazi ya kutuliza wagonjwa wa meno hufanyika katika ngazi mbili za mwanzo. Uingereza imeliweka jambo hili ndani ya maana yenyewe ya huduma: mgonjwa aliyetulizwa kwa namna hiyo lazima aendelee kuwasiliana kwa maneno muda wote. Mawasiliano yakikatika, ametoka katika ngazi iliyokusudiwa.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu. Dawa inayotumika zaidi kwa njia ya mshipa ni midazolamu, ya jamii ya benzodiazepini, iliyobuniwa miaka ya 1970 katika maabara za Hoffmann-La Roche. Ubongo una kemikali yake ya kupunguza kasi ya seli za neva, iitwayo GABA. Kemikali hiyo ikijishika kwenye kipokezi chake, chembe za kloridi huingia ndani ya seli, na seli hiyo huwa ngumu kusisimka. Midazolamu haifanyi kazi ya GABA badala yake. Hujishika pembeni ya kipokezi kilekile na kuifanya GABA iliyopo iwe na nguvu zaidi. Hofu hupungua, misuli hulegea, moyo uliokuwa ukienda mbio hutulia.

Lakini sehemu za ubongo hazizidiwi zote kwa dozi ileile. Hipokampasi, inayohusika na kugeuza tukio la sasa kuwa kumbukumbu ya kesho, hulemewa mapema, wakati sehemu za kusikia, kuelewa na kujibu bado zinafanya kazi. Fikiria kikao chenye karani wa kuandika kumbukumbu. Wajumbe wanaulizana na kujibizana, mwenyekiti anatoa maelekezo na yanatekelezwa papo hapo. Karani naye ameketi mahali pake, anasikia kila neno, lakini kalamu imekauka wino tangu ajenda ya kwanza. Hakuna mjumbe atakayegundua kasoro wakati kikao kinaendelea, kwa sababu kikao hakisomi daftari ili kiendelee. Kasoro huonekana kesho yake, daftari likifunguliwa: kurasa za kabla ya wino kukauka zimeandikwa vizuri, zinazofuata ni nyeupe. Ndivyo alivyo mgonjwa wetu. Safari ya kwenda kliniki anaikumbuka, kuchomwa sindano anakukumbuka, halafu pengo. Na mtu akikuta pengo katika kumbukumbu zake hulieleza kwa kitu anachokifahamu, yaani usingizi.

Pengo hilo halilingani kwa watu wote. Wapo wasiokumbuka chochote, na wapo wanaobaki na vipande: sauti ya mashine, taa, neno la daktari. Dozi, umri na mwili wa mtu vina sehemu yake. Kwa hiyo kliniki inayokuhakikishia kwamba hutakumbuka hata kitu kimoja inaahidi jambo lisilo mikononi mwake.

Kuna kosa jingine linalozaliwa na lile la kwanza, nalo ni zito zaidi: kudhani kwamba kutokumbuka ni kutoumia. Midazolamu haiui maumivu. Kinachoua maumivu ni ganzi, ileile sindano ya kwenye ufizi, nayo huchomwa hata kwa aliyetulizwa. Tofauti ni kwamba huchomwa akiwa ameshalegea. Ganzi isiposhika vizuri, mgonjwa anaumia wakati huohuo, anakunja uso na kusogea, hata kama kesho hatakumbuka. Daktari makini akiona hivyo husimama na kuongeza ganzi. Asiye makini huongeza dawa ya kutuliza mpaka mgonjwa aache kusogea, na hapo ndipo mtu huteleza kutoka ngazi ya pili kwenda ya tatu bila kuwapo aliyepanga iwe hivyo. Uwezo wa kusema "naumia" ni kinga yako. Ukitafuta mahali pa kukuzimisha kabisa, kumbe unatafuta mahali pa kuivua kinga hiyo.

Historia ya jambo hili ilianza kwa gesi. Desemba 1844, daktari wa meno Horace Wells alihudhuria onyesho la gesi ya kuchekesha, yaani nitrasi oksaidi, huko Hartford, Connecticut. Akamwona mtu aliyeivuta akijiumiza mguu bila kuonyesha maumivu. Siku iliyofuata Wells mwenyewe alivuta gesi hiyo, na daktari mwenzake, John Riggs, akamng'oa jino. Gesi hiyo ingali inatumika, ila siku hizi huchanganywa na oksijeni, na mashine za kisasa zimeundwa zisishushe oksijeni chini ya asilimia 30 ya mchanganyiko.

Uzuri wake ni kwamba inaingia na kutoka kwa mapafu. Daktari huiongeza kidogo, anakutazama, anaipunguza. Akiifunga na kukupa oksijeni tupu, dakika chache baadaye umerudi katika hali yako. Ukiwa na mafua yaliyoziba pua haifai, kwa sababu huvutwa kwa kinyago cha puani. Kwa hofu ya wastani, mara nyingi inatosha, na inasikitisha kwamba wengi huiruka wakidhani ni ya watoto.

Kidonge ndicho watu hukiona chepesi, kumbe ndicho kisichorekebishika. Ukishakimeza, huchukua nusu saa, hata saa nzima, kabla ya kuonyesha nguvu zake, na hakuna anayejua mapema tumbo lako litakipitisha kwa kasi gani. Hatari huja pale cha kwanza kinapoonekana hakijafanya kazi, kikaongezwa cha pili, kisha vyote viwili vikaamka pamoja. Dawa ya mshipani huonekana ya kutisha kwa sababu ya sindano, lakini hutolewa kidogo kidogo, kwa kusubiri na kutazama kila mara kabla ya kuongeza.

Na kwa nini ngazi ya kutulia iwe na uzito zaidi kwa meno kuliko kwa goti au kidole? Kwa sababu daktari wa meno anafanya kazi mlangoni mwa njia ya hewa. Mashine ya kutoboa jino inarusha maji, vipande vya jino vinavunjika, pamba imewekwa ndani. Mtu aliye macho humeza, hukohoa, hugeuka. Aliyezama sana hafanyi hivyo vizuri, na ulimi wake huweza kurudi nyuma ukaziba koo. Kifaa cha kubana kidoleni hupima oksijeni ya damu, lakini huchelewa: mtu anayepewa oksijeni ya ziada anaweza kuacha kupumua, na namba ikaendelea kuwa nzuri kwa dakika kadhaa kabla ya kuanza kushuka. Kapnografu, inayopima hewa ukaa katika kila pumzi inayotoka, huonyesha tatizo ndani ya sekunde chache.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuipigia kliniki simu ni hili: nani atanipa dawa, na nani kazi yake itakuwa kunitazama tu? Daktari akiwa ameinama juu ya jino hawezi wakati huohuo kufuatilia pumzi yako kwa makini yanayostahili. Kwa watoto wanaotulizwa kwa kina katika kliniki za meno, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2019, wa vyama vya madaktari wa watoto na madaktari wa meno ya watoto, unataka awepo mtaalamu wa pili aliyefuzu, asiye na kazi nyingine ila kuhakikisha mgonjwa anapumua na kubaki salama. Uingereza ilikwenda mbali zaidi kuhusu nusukaputi: tangu mwisho wa 2001 matibabu ya meno kwa njia hiyo yaliondolewa kliniki za kawaida yakabaki hospitalini.

Uliza pia wamekusudia ngazi gani, na ukizama kupita hapo watafanya nini. Anayejua kazi yake hujibu swali hilo bila kukereka. Atakutajia oksijeni, vifaa vya kusaidia pumzi, na flumazenili, dawa inayoondoa nguvu za benzodiazepini. Atakuambia vilevile kwamba flumazenili yenyewe inaweza kuisha mwilini kabla ya dawa ya kutuliza, hivyo aliyepewa hubaki akiangaliwa. Sehemu nyingi hudai kibali cha kutuliza wagonjwa kilicho tofauti na leseni ya kutibu meno. Omba kujua kama wanacho.

Kisha sikiliza wao wanakuuliza nini. Kliniki nzuri itataka kujua kama unakoroma sana au unakatikiwa na pumzi usingizini, unatumia dawa zipi, unakunywa pombe, una ugonjwa wa mapafu, una mimba, uliwahi kupewa dawa za usingizi na ikawaje. Ikikupa siku ya miadi ya sindano ya mshipani bila kuuliza hata moja ya hayo, tafuta nyingine. Jijini ziko.

Maelezo ya baada ya kazi nayo huonyesha nani anaielewa dawa anayoitoa. Kumbuka kwamba kumbukumbu hairudi sekunde ile unaposhuka kitini. Unaweza kuongea, kutabasamu na kuitikia "sawa daktari", na jioni usijue uliambiwa nini kuhusu damu au dawa za maumivu. Ndiyo maana maagizo hutolewa kwa maandishi na kusomwa mbele ya mtu mzima aliyekusindikiza, ridhaa husainiwa kabla ya sindano, na hutakiwi kuendesha gari wala kusaini mkataba wowote hadi kesho yake. Kliniki inayokuruhusu kuondoka peke yako baada ya dawa ya mshipani haijali kinachoendelea kichwani mwako.

Karatasi ile tupu ina tokeo jingine. Ikiwa ubongo haukuandika kwamba safari hii mambo yalikwenda vizuri, hofu haina jipya la kujifunza, na mara ijayo wengi hurudi wakitetemeka vilevile. Tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea hufanya kazi upande huo. Katika utafiti uliochapishwa na British Dental Journal mwaka 2015, kuhusu wagonjwa 130 wa kituo kimoja cha Uingereza waliopewa tiba hiyo kwa hofu ya meno, asilimia 79 walitibiwa meno bila dawa ya kutuliza. Hao ni wagonjwa wa kituo kimoja, walioelekezwa huko makusudi, na huwezi kumwambia mwenye jino linalompiga usiku kucha asubiri vikao kadhaa. Atulizwe, atibiwe. Lakini unapopiga simu, uliza kama kliniki ina mahali inapowaelekeza wenye hofu baada ya jino la leo kutulia.