Watunzi wa Tamthilia na Mjadala wa Siasa Jukwaani

Tamthilia kongwe kuliko zote zilizotufikia zikiwa kamili kutoka Ugiriki ya kale ni ile iitwayo Waajemi, ambayo Aeschylus aliionyesha mjini Athens mwaka 472 kabla ya Kristo. Ilikuwa imepita miaka minane tu tangu Wagiriki wawashinde Waajemi katika vita vya majini vya Salamis, na mtunzi mwenyewe alikuwa askari aliyepigana nao huko Marathon. Hata hivyo hakuandika wimbo wa ushindi. Aliipeleka hadhira yake hadi kwenye jumba la kifalme la Uajemi, akaiweka mbele ya mama anayesubiri habari za mwanawe na wazee wanaotaja majina ya vijana ambao hawatarudi tena. Wathene waliokuwa wamepoteza ndugu na nyumba mikononi mwa jeshi hilohilo walikaa wakaisikiliza huzuni ya adui kutoka kinywani mwa adui.

Kisa hiki cha zamani kinafafanua jambo ambalo sisi tunaofundisha sanaa za maonyesho huulizwa mara nyingi, yaani tamthilia huongeza nini katika mjadala wa siasa ambao tayari umejaa hotuba, magazeti na mahojiano ya redio. Jibu langu ni kwamba katika hotuba mpinzani husemewa, na katika makala hunukuliwa sentensi mbili kisha zikapanguliwa, lakini jukwaani husimama mwenyewe, akiwa na hofu yake, madeni yake na watu anaowapenda, na mtunzi hana budi kumpa maneno yenye uzito. Asipompa, mchezo unakufa, kwa sababu majibizano yasiyo na mpinzani wa kweli hayana mvutano wa kuishikilia hadhira kwa saa mbili. Mtunzi anayemchora mtawala dhalimu kama mpumbavu tu atapata kicheko, ila hatakuwa ameeleza kwa nini watu wenye akili timamu walimfuata.

Mwandishi wa siku hizi aliyelielewa hili vyema ni Lynn Nottage wa Marekani. Kwa ajili ya tamthilia yake Sweat, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015 na kutunukiwa tuzo ya Pulitzer mwaka 2017, alikwenda mara kwa mara katika mji wa Reading, jimbo la Pennsylvania, akazungumza na wakazi ambao viwanda vyao vilikuwa vimefungwa au kuhamishwa. Sehemu kubwa ya mchezo hutokea katika baa ambamo wanawake watatu, marafiki wa miaka mingi na wafanyakazi wa kiwanda kimoja, hukutana baada ya kazi. Mmoja wao, ambaye ni Mweusi, anapandishwa cheo kuwa msimamizi. Muda si mrefu wenye kiwanda wanawafungia wafanyakazi milango, na yeye anabaki ndani huku wenzake wakiwa nje. Hakuna mwanasiasa anayepanda jukwaani kueleza sera ya biashara wala mgawanyiko wa rangi. Hata hivyo mambo hayo yote yamo, katika namna rafiki anavyoanza kumtazama rafiki yake, na katika hasira inayomwangukia kijana mwenye asili ya Kolombia aliyekubali kazi ya muda ambayo wengine waliikataa kwa msimamo wa chama chao cha wafanyakazi. Mtazamaji anamwelewa kila mmoja wao na bado anaona jinsi wanavyoumizana.

Njia nyingine ni kuyachukua maneno halisi ya watu. Anna Deavere Smith, baada ya ghasia za mwaka 1991 kati ya wakazi Weusi na Wayahudi wa mtaa wa Crown Heights, New York, aliwahoji watu wa pande zote mbili, kisha akapanda jukwaani peke yake na kuwaigiza wote, mmoja baada ya mwingine, kwa lafudhi, vigugumizi na vituo vyao vilevile. Mwili mmoja ulibeba pande mbili ambazo zenyewe hazikuwa tayari kuketi pamoja. Mjini London, ukumbi wa Tricycle ulionyesha mwaka 1999 mchezo uliohaririwa na mwandishi wa habari Richard Norton-Taylor kutokana na kumbukumbu za uchunguzi rasmi kuhusu kuuawa kwa kijana Mweusi Stephen Lawrence na jinsi polisi walivyolishughulikia shauri hilo. Waigizaji hawakuongeza neno, na maswali ya mawakili pamoja na majibu ya kukwepa ya maofisa yalitosha.

Hapa ninaomba msomaji awe makini. Mchezo unaotumia maneno halisi haugeuki kuwa ukweli mtupu kwa sababu hiyo pekee. Uchunguzi uliochukua siku nyingi hupunguzwa ukawa saa mbili, na anayechagua kipi kibaki na kipi kitupwe ndiye mtunzi, hata kama hakuandika sentensi moja yake mwenyewe. Kwa maoni yangu aina hii ya tamthilia inadai uaminifu mkubwa kuliko ya kubuni, kwa kuwa mtazamaji ameshusha ngao zake akiamini kwamba anasikia ushahidi.

Wapo pia waliojaribu kuikabidhi hadhira uamuzi wenyewe. Katika tamthilia Terror ya mwanasheria Mjerumani Ferdinand von Schirach, iliyoonyeshwa kwanza mwaka 2015, rubani wa jeshi anashitakiwa kwa kuitungua ndege ya abiria iliyotekwa, ambapo watu 164 wanakufa, ili kuwaokoa watu 70,000 waliokusanyika uwanjani. Baada ya kusikiliza mashahidi na mawakili, watazamaji hupiga kura, na mtunzi ameandika miisho miwili. Wanasheria kadhaa waliulaumu mchezo huo, kwani Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilikuwa imeamua mwaka 2006 kwamba dola haina mamlaka ya kupima uhai wa wasio na hatia kwa idadi, na katiba huwekwa kwa sababu yapo mambo ambayo wengi hawapaswi kuyaamua kwa kura. Lawama hiyo ina nguvu. Mimi naona thamani ya mchezo ilikuwa katika hotuba mbili za mwisho, ambazo kila moja inashawishi hadi nyingine inapoanza, na kwamba kura iliukatisha mjadala mapema, maana mtu akishapiga kura huhisi ameshamaliza kufikiri.

Watawala hawajawahi kuwa na shaka kuhusu nguvu ya jukwaa. Nchini Uingereza vitabu na magazeti havikuhitaji tena kibali cha serikali kabla ya kuchapwa tangu mwaka 1695, lakini sheria ya mwaka 1737 ililazimisha tamthilia mpya zipelekwe kwanza kwa ofisa wa jumba la kifalme, na udhibiti huo haukuondolewa hadi mwaka 1968. Nchini Kenya, mwaka 1977, riwaya ya Kiingereza ya Ngũgĩ wa Thiong'o yenye shutuma kali ilichapishwa na haikupigwa marufuku. Ila mchezo alioutunga kwa Kigikuyu pamoja na Ngũgĩ wa Mirii, ukaigizwa na wakulima na wafanyakazi wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ katika ukumbi wa wazi walioujenga wenyewe, ulifutiwa kibali baada ya wiki chache. Mwisho wa mwaka huo mwandishi aliwekwa kizuizini bila kushitakiwa, na mwaka 1982 ukumbi ule ulibomolewa. Riwaya husomwa na mtu mmoja chumbani mwake. Onyesho hukusanya watu mahali pamoja, wakasikia jambo lilelile kwa wakati mmoja, na kila mmoja akaona kwamba jirani yake naye amelielewa.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi leo ni muundo wa hadhira yenyewe, kwa kuwa mara nyingi mchezo mkali wa kisiasa huonyeshwa mbele ya watu waliokwisha kukubaliana na mtunzi kabla ya taa kuzimwa, nao hupiga makofi kujipongeza. Mbrazili Augusto Boal alitafuta dawa ya tatizo hili kwa kuuvunja mpaka kati ya anayeigiza na anayetazama. Katika maonyesho yake mtazamaji aliruhusiwa kuusimamisha mchezo, kuchukua nafasi ya mhusika anayeonewa na kujaribu njia yake, huku waigizaji wengine wakimpinga kwa nguvu zilezile ambazo angekutana nazo nje. Alipochaguliwa kuwa diwani wa Rio de Janeiro, akatumikia kuanzia 1993 hadi 1996, vikundi vyake vilipeleka michezo hiyo kwa wananchi, na mapendekezo yaliyotokana nayo yakaandikwa kama miswada. Kumi na mitatu kati ya miswada hiyo ilipitishwa kuwa sheria za jiji, ikiwamo ile iliyotaka hospitali za jiji ziwe na madaktari waliobobea katika magonjwa ya wazee.