Kikonkani kwenye programu za tafsiri: lugha moja, hati tano

Ukiingia Google Translate utakikuta Kikonkani, lugha ya pwani ya magharibi ya India, kwenye orodha ya lugha. Kiliongezwa Mei 2022 pamoja na lugha nyingine 23, zikiwemo Lingala na Kiganda. Lakini kilichopo nyuma ya jina hilo ni kidogo kuliko jina lenyewe: ni Kikonkani cha Goa, jimbo dogo la pwani hiyo, kilichoandikwa kwa Devanagari, hati ile ile ya Kihindi na Kimarathi. Mkonkani wa Mangalore (jimbo la Karnataka) au wa Kochi (jimbo la Kerala), kusini mwa Goa, akiomba tafsiri, atajibiwa kwa herufi ambazo huenda hajawahi kuiandikia lugha yake.

Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Lahaja ni namna watu wa mahali au jamii fulani wanavyoizungumza lugha: matamshi yao, maneno yao, miisho ya vitenzi vyao. Hati ni alama wanazotumia kuiandika. Mtu anaweza kubadili hati bila kugusa hata neno moja la mazungumzo yake. Kikonkani kina lahaja nyingi, na kinaandikwa kwa hati tano: Devanagari, Kirumi (Wagoa huiita Romi), Kikannada, Kimalayalam na Kiarabu. Yote hayo katika lugha ambayo sensa ya India ya 2011 iliwapata wazungumzaji wake takriban milioni 2.25.

Hati hizo hazikuzuka tu. Wareno waliiteka Goa mwaka 1510, na 1556 mtambo wa kuchapa ukafika. Mapadri Wajesuti wakaandika mafundisho ya dini kwa herufi za Kirumi. Sarufi ya Kikonkani ya Thomas Stephens, mmoja wa mapadri hao, ilichapwa Rachol, huko huko Goa, mwaka 1640. Kisha, mwaka 1684, utawala huo huo wa Kireno ukatoa amri ya kuipiga marufuku lugha. Wakonkani wengi walikimbilia kusini katika karne hizo. Waliotua Karnataka wakashika herufi za Kikannada, waliofika Kerala za Kimalayalam, na Waislamu wa Bhatkal, mji wa pwani ya Karnataka, wakaandika kwa za Kiarabu. Goa kwenyewe Wakatoliki walibaki na Romi, hati ya vitabu vya sala na ya tiatr, mchezo wao wa jukwaani. Sheria ya lugha rasmi ya mwaka 1987 ikakata shauri: Kikonkani rasmi cha Goa ni kile cha Devanagari. Usanifu nao ukaegemea lahaja ya Antruz, upande wa Ponda ndani ya Goa. Watu wa Romi wanadai haki sawa hadi leo, na kwa maoni yangu wana hoja.

Mashine haikutunga upendeleo huo, iliurithi. Lugha zile 24 zilifundishwa bila jozi za sentensi zilizokwisha kutafsiriwa; mashine ilisoma maandishi ya lugha yenyewe peke yake, kisha ikaegemea ujuzi iliokuwa nao wa lugha nyingine. Kwa njia hiyo, maandishi yaliyo mengi ndiyo yanayogeuka kuwa “lugha”. Na kwa kuwa Kikonkani na Kimarathi ni ndugu wa karibu wanaotumia hati moja, ni rahisi maneno ya Kimarathi kupenya bila mgeni kujua.

Wapo wanaosema dawa ni kuhamisha herufi tu, yaani kuchukua matokeo ya Devanagari na kuyaandika kwa Kirumi, maana programu za kazi hiyo zipo. Tulitazame neno la shukrani. Kwa Romi ni *Dev borem korum*, Mungu atende mema. Kwa Devanagari ni देव बरें करूं. Ukiipa programu ya kawaida maandishi hayo ya pili, itakurudishia *dev barem karum*. Konsonanti ya Devanagari hubeba irabu yake ndani, ambayo kwa desturi hunakiliwa kama *a*. Mgoa hapa hutamka *o*, na mwandishi wa Romi huandika anachosikia. Ile *m* ya mwisho nayo haitamkwi: inaonyesha kwamba irabu inapitia puani. Kuna pia *x* ya Romi, iliyotoka kwa Wareno, inayosimama mahali pa *sh*: *xit* ni wali.

Hata herufi zikikaa sawa, lahaja haijaguswa. Wakatoliki wa Goa wana *igorz* kwa kanisa, *iskol* kwa shule, *janel* kwa dirisha, yote kutoka Kireno. Mashine iliyokulia kwenye usanifu itawapa *shala* kwa shule, na wataelewa, lakini hawasemi hivyo nyumbani.

Kuheshimu hati zaidi ya moja kunawezekana. Wikipedia ya Kikonkani, iliyofunguliwa 2015, ina makala za Devanagari na za Romi.

Familia nyingi za Kigoa zilizokaa Nairobi, Mombasa, Zanzibar na Kampala zilikuwa za Kikatoliki, kwa hiyo hati yao ni Romi. Mwenye barua ya babu asiibandike yote kwa mkupuo. Aihamishie kwanza Devanagari, aitafsiri sentensi moja moja, na neno lenye sura ya Kireno alitafute kwenye kamusi ya Kireno. Akitaka kumjibu shangazi aliyesoma Romi tu, bora amsomee kwa simu kuliko kumtumia maandishi.