Ukosefu wa Kazi Malindi: Tazama Mwezi Kabla ya Asilimia

Kila Mei, maneno mjini Malindi huwa yale yale: kazi zimeisha. Na kweli zimepungua. Masika yakishika, baadhi ya mahoteli ya ufuoni hufungwa, na wahudumu, wapishi na watunza bustani huambiwa wakae nyumbani mpaka Julai. Upepo wa kusi nao umeshaingia, bahari imechafuka, na mvuvi wa Ngomeni au Mayungu mwenye chombo kidogo hathubutu kwenda mbali. Huko Gongoni na Marereni chumvi hukaushwa kwa jua, kwa hivyo mvua ikinyesha mfululizo kibarua hana cha kuvuna. Utalii, uvuvi na chumvi hulala pamoja. Hili ndilo linalofanya mwezi wa Mei uwe mzito kwetu, kwa sababu aliyesimamishwa hotelini hawezi kukimbilia baharini, na kwa mwenye chombo pia hali ni hiyo hiyo.

Kwa hivyo nawasihi wasomaji, na hasa wanahabari wetu wa pwani: msilinganishe Mei na Januari. Januari Waitaliano wamekuja kukimbia baridi ya kwao, kaskazi inavuma na samaki wanapatikana. Linganisheni Mei na Mei ya mwaka uliotangulia, ndipo athari ya msimu itakapojitoa na badiliko lenyewe kuonekana.

Mwaka 2020 unaonyesha vizuri kwamba si kila kupanda hutokana na msimu. Kwa takwimu za nchi nzima za KNBS, shirika la taifa la takwimu, ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 5.2 katika robo ya kwanza, ukapanda hadi asilimia 10.4 katika robo ya pili. Hiyo haikuwa masika tu. Kwa ajili ya korona, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa mwishoni mwa Machi hadi tarehe 1 Agosti, na Julai ikafika Malindi bila wageni wake.

Wengi hushangaa: asilimia 5 tu, na vijana wote hawa wanaoshinda vijiweni? Jibu limo katika namna ya kuhesabu. Aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja katika siku saba zilizopita huhesabiwa ana kazi. Asiye na kazi ni yule ambaye hakufanya yoyote, yuko tayari kufanya, na amekuwa akiitafuta katika wiki nne zilizopita. Aliyekata tamaa akaacha kutafuta huondolewa kabisa kwenye hesabu.

Chukua mtaa wenye watu wazima 100, kwa mfano tu. Wenye kazi ni 60, wanaotafuta ni 10, waliobaki hawamo. Kiwango ni 10 kati ya 70, yaani asilimia 14. Sasa watano kati ya wale kumi wakichoka kutafuta, kiwango kinakuwa 5 kati ya 65, karibu asilimia 8. Kimeshuka, na hakuna hata mtu mmoja aliyeajiriwa. Mimi hukitazama kwa mashaka kila kiwango kinachoshuka bila idadi ya wenye kazi kuongezeka.

Pia kuna kazi pungufu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo donda kubwa zaidi hapa. Dereva wa tuktuk anayepata abiria wanne kwa siku, au mama anayeuza viazi karai jioni tu kwa kukosa wateja mchana, kwenye hesabu wote wana kazi. Wangeweza na wangependa kufanya zaidi. Nchini Kenya, zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo kidogo iko katika sekta isiyo rasmi, kwa hivyo saa za kazi zinaeleza maisha ya Malindi kuliko kile kiwango kinachotangazwa.

Karani wa takwimu akibisha hodi kwako, usimjibu "sina kazi" kisha ukanyamaza. Mtajie kibarua cha juzi, saa ulizofanya, na kama ungependa kuongezewa. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 inalinda siri ya majibu yako.