Kisamvu: twanga kwanza, chemsha bila mfuniko, ndipo uunge

Wapishi wa nyumbani hutuuliza mara kwa mara kama kisamvu kinaweza kukatwakatwa kama sukuma wiki, kikawekwa kwenye sufuria ya presha na kufunikwa, ili kuokoa muda na mkaa. Hapana. Mboga nyingine za majani tunawasihi watu wazipunguzie moto, maana mchicha na matembele huharibika kwa kuiva kupita kiasi. Kisamvu kina masharti yake, na yanaanza kabla jiko halijawashwa.

Jani la muhogo limebeba kemikali iitwayo linamarini. Yenyewe haina ukali, lakini ikikutana na kimeng'enya kilichomo ndani ya jani hilohilo huvunjika na kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Jani likiwa zima, vitu hivyo viwili vinakaa mbalimbali. Ukilitwanga, vinakutana papo hapo na sumu inaanza kutoka. Ndivyo tunavyotaka, itoke ikiwa bado kwenye kinu na si baada ya kumezwa. Sianidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu za Selsiasi, kwa hiyo kwenye hali ya hewa ya Tanga au Mtwara huruka yenyewe ikipewa nafasi.

Sasa tazama kinachotokea jani zima, au lililokatwa vipande vikubwa, likitumbukizwa kwenye maji yanayochemka. Moto unaua kimeng'enya mara moja kabla hakijafanya kazi yake. Linamarini inabaki, nyingine inaingia kwenye maji na nyingine inakaa ndani ya mboga. Mtu akiila, bakteria wa tumboni wanaweza kuivunja na sumu ikatokea humo. Mboga imelainika, rangi ni nzuri, lakini kazi ya msingi haikufanyika.

Kwa hiyo anza na majani machanga ya juu, toa vikonyo, osha, kisha twanga. Usiishie pale majani yanapovunjika. Mwanzoni hukwaruza kinu na kurukaruka. Ukiendelea hutoa maji, hushikamana, hung'ang'ania mchi, na harufu kali ya ubichi hupanda hadi usoni. Endelea mpaka usione tena umbo la jani wala mshipa. Ni kazi ya dakika kumi na zaidi. Blenda au mashine ya sokoni inafaa vilevile, mradi kisamvu kisagike laini. Ukinunua kilichotwangwa tayari kwenye mfuko, kipapase kwa vidole; kikiwa na vipande vya majani, kirudishe kinuni.

Baada ya hapo kipe muda. Mtafiti wa Australia, Howard Bradbury, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba majani yaliyotwangwa vizuri, yakaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha yakaoshwa mara tatu, hupoteza sehemu kubwa sana ya sumu hiyo. Siyo kila nyumba ina saa 5 za kusubiri, hilo tunalijua. Lakini ukitwanga asubuhi, ukakitandaza kwenye sinia na kukifunika kwa kitambaa chepesi, mchana kitakuwa tayari kuingia jikoni.

Chemsha sufuria ikiwa wazi. Mfuniko huurudisha ndani mvuke unaotakiwa kutoka. Nusu saa inatosha kwa majani machanga. Yaliyokomaa huchukua hadi saa nzima. Kama ni majani ya muhogo mchungu, mwaga maji ya kwanza na uweke mengine. Magadi tunashauri uyaache. Hulainisha haraka kweli, lakini huharibu vitamini C na vitamini B1, na kisamvu kilichotwangwa sawasawa hakiyahitaji.

Kisamvu cha mpira nacho hufuata utaratibu huu, kwa uangalifu zaidi. Mti wake ni ndugu wa muhogo, ulipandwa Tanganyika wakati wa Wajerumani kwa ajili ya utomvu wa mpira. Miaka ya 1930 watafiti wa kituo cha Amani, Tanga, waliuchanganya na muhogo ili kupata aina zinazostahimili magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi ya kahawia.

Kuunga ndiko kunakokipa kisamvu ladha, na kuna faida kubwa kilishe pia. Karotini iliyomo, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huyeyuka kwenye mafuta. Tui la nazi la pwani, karanga za kusaga za bara, mawese ya Kigoma na ya sombe, yaani kisamvu cha Kongo, yote yanafaa. Tui zito litie mwishoni, ukoroge mpaka lichemke ili lisikatike.

Tungependa sana kila sufuria ya kisamvu iwe na dagaa, samaki au maharage. Majani ya muhogo yana protini nyingi, yakikaushwa hufikia takriban robo ya uzito wake, lakini protini hiyo ina upungufu wa asidi amino (vijenzi vya protini) zenye salfa. Asidi hizo ndizo mwili unazozitumia kuigeuza sianidi kidogo iliyobaki na kuitoa kwa mkojo, na dagaa wanazo kwa wingi. Kwa familia inayokula ugali wa muhogo siku baada ya siku, jambo hili si la hiari. Chumvi nayo iwe yenye madini joto, kwa sababu mabaki ya sianidi hushindana na madini hayo mwilini.

Vitamini C huisha karibu yote kwa kuchemshwa kwa muda mrefu. Kamulia ndimu sahani ikiwa mezani, au kula chungwa au embe pamoja na chakula. Vitamini C yake itausaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya kwenye majani. Chai ya rangi isubiri saa moja au mbili, kwani huzuia ufyonzaji huo.

Mtu aliyekula akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika au kupumua kwa shida, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa, na mhudumu aelezwe alichokula.

Ukipika kingi, gawanya kabla ya kuunga. Kisamvu kilichochemshwa tu hukaa vizuri kwenye friza kikiwa kwenye mifuko midogo ya mlo mmoja mmoja, lakini chenye tui huchacha upesi. Toa mfuko, yeyusha, kichemshe tena, kisha kamua nazi ya siku hiyo.